Siku Nilipobeba Masomo Tumboni

Pale mpakani Malaba kuna watu wazima, wenye akili zao na familia zao, ambao hadi leo wakiniona wananiita Mama Masomo, halafu wanajishika tumbo na kucheka mpaka machozi yanawatoka. Nimenyamaza miaka mingi. Lakini juzi kwenye kikundi chetu cha akina mama mmoja alisimulia habari hiyo na akaiharibu, akasema eti nilikamatwa na sukari, na hapo nikaona afadhali niseme mwenyewe, maana aibu yangu naijua kumshinda. Sukari sijawahi kuvusha. Mimi nilibeba kemia.

Wacha nianze na marehemu mume wangu, kwa sababu bila yeye hakuna kisa. Alikuwa akifanya kazi katika maabara moja kule Alupe, si daktari wala si mpimaji, mwosha vyombo: chupa, sahani za kioo, na vile vichupa vyembamba vya kupimia. Alipoanza kukonda na kunywa maji mtungi mzima kabla ya jua kuwaka, akaenda kupimwa, na binti yetu Ajiambo, aliyekuwa kidato cha nne, akamsindikiza. Mpimaji alitia mkojo ndani ya dawa ya rangi ya bluu, akachemsha juu ya moto, na ile bluu ikageuka kijani, ikageuka manjano, mwisho ikawa nyekundu kama tofali. Mume wangu hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameosha vichupa vyenye rangi ile miaka kumi na mmoja. Alisema tu, "Basi ni ugonjwa wa sukari," akavaa koti lake, wakaondoka. Njiani Ajiambo aliuliza swali moja: "Baba, kwa nini imebadilika rangi?" Naye akamjibu, "Mimi huosha tu. Wewe nenda ukajue."

Mume wangu alifariki Ajiambo akiwa mwaka wa kwanza chuoni. Chuo chenyewe si chuo kikuu, ni chuo cha sayansi cha kawaida, mbali na kwetu, alikokuwa akisomea diploma ya kazi za maabara. Alama zake za kidato cha nne zilikosa kidogo tu kumfikisha chuo kikuu, basi akatafuta mlango wa pembeni: asome diploma miaka mitatu, halafu masomo yake yahesabiwe, aingie chuo kikuu kuanzia mwaka wa pili, asomee baiokemia. (Mimi niliishia darasa la saba, na neno hilo nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni jina la mji.) Aliponieleza kwamba ni kemia ya vitu vilivyo hai, na kwamba humo ndimo lilimo jibu la ule wekundu wa tofali, nilielewa, na sikuuliza tena.

Kazi ilikuwa kupanga. Chuo kikuu hakitaki kusikia tu kwamba umesoma kemia, kinataka kuona ulifundishwa nini, wiki kwa wiki, na kama hayafanani na ya kwao unaambiwa uanze mwanzo au urudi nyumbani. Ajiambo alikuwa anamaliza mwaka wa pili, na ilikuwa lazima achague masomo ya mwaka wa tatu kwenye fomu ambayo ingefungwa Jumatano. Akichagua vibaya, mlango wa pembeni unajifunga. Hakuna mtu pale chuoni kwake aliyejua chuo kikuu kinataka nini hasa.

Lakini marehemu alikuwa na rafiki mmoja aliyesoma, Mwalimu Ekisa, mwenyeji wa upande wa Uganda, ambaye zamani akiwa mwanafunzi alikuja Alupe kufanya utafiti, na vichupa vyake vilioshwa na mume wangu. Sasa alikuwa anafundisha kemia Kampala, katika chuo kikuu kile kile alichokitaka Ajiambo. Tulimwandikia barua, akajibu: Jumamosi, kuanzia saa tano hadi saa sita kamili, atakuwa katika mkahawa wa kwanza ng'ambo ya daraja la Malaba, akingoja basi la Kampala. Nimletee karatasi zote za masomo, azipime, aniambie mtoto achague nini. Ajiambo alikuwa katikati ya mitihani, hakuweza kuja. Alinitumia mzigo kwa mkono wa mwenzake: karatasi ishirini na tatu, somo moja karatasi moja, kila moja imegongwa muhuri wa chuo, na madaftari manne makubwa ya majaribio yenye majalada magumu. Ndani aliweka kijibarua. "Mama, mihuri hiyo niliingojea wiki sita. Hakuna nakala nyingine. Weka kwenye begi, shika mkononi."

Weka kwenye begi, shika mkononi. Mtoto alisema wazi kabisa. Ningemsikiliza, leo ningekuwa mtu mwenye jina la kawaida.

Asubuhi ya Jumamosi, nikiwa nyumbani Mundika, karibu na Busia, natafuta begi, akaingia jirani yangu, Mama Pamela. Mama huyu alikuwa malkia wa magendo pale Busia kabla hajaokoka. Alishavusha sabuni, mafuta ya kupikia, hata betri za redio, vyote chini ya gauni, na hakukamatwa hata siku moja. Sasa alikuwa anaimba kwaya. Akaniona na begi.

"Unaenda wapi na hiyo?"

"Malaba. Ng'ambo. Ni karatasi za mtoto."

"Zina muhuri?"

"Zote."

Akafunga mlango. "Mama Ajiambo, sikiliza mimi. Busia hapa wanakujua, unapita na samaki wako wa omena hakuna mtu anauliza. Malaba ni kwingine. Begi ndiyo kitu cha kwanza wanafungua. Wakiona mihuri mingi hivyo watasema umetengeneza nyuma ya nyumba, wachukue wapeleke ofisini, urudi kesho, urudi kesho kutwa. Na angalia mawingu hayo. Kitu cha maana hakibebwi mkononi. Kinabebwa na mwili."

Sasa nieleze hapa, kwa wale ambao hawakuzaliwa mpakani, kwamba maneno hayo kwetu hayakuwa ya ajabu. Mama wa mpakani akiwa na kitu anachokithamini anakifunga mwilini, ndivyo tulivyoona mama zetu wakifanya, na wala hajiulizi kama kitu chenyewe ni haramu au ni halali. Mimi nilikuwa na karatasi halali kuliko Biblia. Nikasema, "Haya, nifunge."

Akazitia karatasi kwenye mfuko wa nailoni, akazipanga na madaftari manne mbele ya tumbo langu, akazungusha leso mbili za kujifunga, akakaza fundo kwa goti lake. Kisha akarudi nyuma kutazama kazi yake, akatikisa kichwa. "Tumbo lina pembe. Hakuna mtoto ana pembe." Akachukua taulo, akaliviringisha juu ya madaftari mpaka pembe zikapotea. Mikono yake ilikuwa inakwenda haraka, kama ya mtu anayesuka mkeka.

"Si umeokoka, Mama Pamela?"

"Moyo umeokoka," akasema. "Mikono bado inakumbuka."

Juu ya yote nikavaa koti la marehemu. Lilikuwa koti kubwa la kahawia, na tangu tumzike nilikuwa sitoki nyumbani bila hilo, jua liwe kali namna gani. Vifungo vilikataa kufika. Sikujitazama kwenye kioo. (Tangu msiba nilikuwa nimegeuza kioo ukutani, sikuwa na haja nacho.) Basi nikaondoka hivyo, mjane wa mwaka mmoja na miezi miwili, na tumbo la miezi minane.

Dalili ya kwanza niliipata nilipofika Malaba na kupanda baiskeli ya boda boda kwenda forodhani. Mwenye baiskeli alikuwa mzee wa makamo. Alinitazama, akakunja kitambaa chake akakiweka juu ya kiti niketi vizuri, kisha akaanza kwenda polepole kama mtu anayebeba trei ya mayai.

"Mzee, tafadhali kaza, nina haraka."

"Haraka yako ndiyo inaniogopesha, mama. Usije ukazalia hapa."

"Mimi sina mimba."

"Hata bibi yangu akiwa nayo husema hivyo," akanijibu, na akazidi kupunguza mwendo.

Forodhani siku hiyo walikuwa wanakagua kila mtu, hata waenda kwa miguu. Laini ilikuwa ndefu, malori yamepangwa kando yakinguruma, na saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika tano. Nikasimama mwisho. Mwanamke mmoja mbele yangu, mwenye kapu la kuku, aligeuka, akaniona, akapaza sauti: "Jamani, mpisheni huyu mama! Hamwoni hali yake?"

Watu wote wakafungua njia. Wanaume walivua kofia. Mmoja akanishika mkono. Na hapa ndipo penye kasoro yangu, kasoro ambayo mama yangu alijaribu kunitoa nikiwa mdogo na akashindwa: siwezi kupokea kitu ambacho si changu. Ningepita kimya ningekuwa ng'ambo kwa dakika tano. Badala yake nikasema, kwa sauti ya kusikika vizuri, "Asanteni, lakini mimi sina mimba. Wacha nipange laini kama wengine."

Hata kuku wa yule mama walinyamaza.

"Ati?" akasema mama wa kuku. Akanipima kwa macho kuanzia kidevuni hadi magotini na kurudi. "Kama si mimba, dada, basi umekula nini?"

Laini nzima ikacheka, na askari wa forodha aliyekuwa ameinamia daftari lake akainua kichwa. Alikuwa mrefu, nguo zimepigwa pasi, mstari wa suruali ungeweza kukata mkate.

"Mama, kuja hapa. Hiyo ni nini?"

Nilitafuta jibu lingine. Nawaambia kweli, nililitafuta. Halikuwepo.

"Ni masomo," nikasema.

"Masomo."

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Ya binti yangu."

"Na yamo tumboni mwako."

"Ndiyo, afande."

Akatazama watu, akanitazama mimi. "Ya miezi mingapi?"

"Ya miaka miwili," nikajibu, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Dereva mmoja aliyekuwa amelala ndani ya lori alitoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini, akaambiwa, akashuka kabisa. Watu wa kubadilisha pesa waliacha meza zao. "Mama amebeba masomo!" "Miaka miwili! Tembo huyo!" "Mwulizeni kama yanapiga teke!" Askari alijaribu kukaza uso lakini masharubu yalimsaliti. Akasema mwanamke wa kukagua wanawake ameenda kunywa chai, kwa hiyo niketi kwenye benchi nimngoje, na hakuna kuvuka mpaka arudi.

Nikaketi. Benchi lilikuwa limeelekea barabarani, kila apitaye ananiona. Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Madaftari yalinichoma mbavu, jasho lilinitiririka ndani ya koti, nikawa naomba Mungu jasho lisipite nailoni likafika kwenye mihuri. Nilikuwa nafikiria zile wiki sita za Ajiambo. Nikanyanyuka mara mbili kumwambia askari nina mtu ananingoja hadi saa sita, na mara zote mbili akasema, "Masomo hayana haraka, mama."

Halafu nikamwona shemeji Wandera.

Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa kibarua wa kupakia malori pale pale Malaba, jambo nililolijua na nikalisahau. Hakuniona mimi kwanza, aliliona koti. Alikuwa na gunia begani, akasimama, akaliteremsha polepole, macho kwenye lile koti la kahawia ambalo alimnunulia ndugu yake yeye mwenyewe siku alipopata kazi Alupe. Kisha macho yakashuka. Nikaona midomo yake inahesabu. Alihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, akaingia wa kushoto, akafika kidole cha mwisho, akakosa vidole.

Akaja akasimama mbele yangu. Watu walikuwa wananyamazishana ili wasikie.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo iliniumiza kuliko vile vicheko vyote, "mambo ya nyumbani huongelewa nyumbani. Mimi sitakuuliza hapa. Lakini hilo koti ni la ndugu yangu. Ungelivua kwanza."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Kucheka wacheke. Lakini mwaka mmoja na miezi miwili nilikuwa nimelivaa lile koti kwa kuwa lilikuwa bado na harufu ya dawa ya kuoshea vile vichupa, na sasa mtu wa damu yake alikuwa ananiambia nimelitia aibu. Nikasimama. Nikasema, "Shemeji, tazama," nikalitanua koti mbele ya Malaba nzima, nikashika fundo la Mama Pamela, nikalivuta kwa nguvu zangu zote.

Sitasahau. Taulo lilianguka kwanza. Halafu madaftari manne, pa, pa, pa, pa, juu ya saruji. Mfuko wa nailoni ulikuwa umenasa kwenye leso, ukapasuka kuanzia juu hadi chini, na wakati huo huo lori moja likapita mbele yetu na upepo wake, na karatasi ishirini na tatu zenye mihuri ya wiki sita zikapaa kama kumbikumbi.

Nilipiga yowe. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Mwaka wa tatu! Jamani, mwaka wa tatu wa mtoto wangu!" na sijui watu walielewa nini, lakini waliacha kucheka. Mama wa kuku alitupa kapu, akakanyaga karatasi moja kwa kila mguu na kukataa kutoka hapo mpaka mtu aje. Mtu wa kubadilisha pesa alikuwa anapiga kelele, "Nimepata Botania! Nani ana Botania nyingine?" Dereva mmoja aliruka juu ya boneti ya lori lake. "Zima injini!" mwingine akaita, "Fizikia iko chini ya tairi!" Na yule askari mrefu, na mstari wake wa suruali, alilala chini kifudifudi akajivuta uvunguni mwa lori, akatoka na karatasi mbili na oili usoni. Akazisoma akiwa bado amepiga magoti.

"Kweli ni masomo," akasema. Akanitazama. "Mama, mbona hukubeba tu kwenye begi? Karatasi hazilipiwi kitu."

Nikainama kuokota taulo.

Shemeji Wandera ndiye aliyezikusanya kutoka mikononi mwa watu, mmoja baada ya mwingine, akizipangusa kwa shati lake. Zilifika ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu watu waliiona imenata kwenye tairi la lori lililokuwa linavuka, ikaingia Uganda bila kukaguliwa. Shemeji alisoma jina la somo juu ya karatasi aliyoshika, na chini yake jina la Ajiambo, ambalo pia ni jina la mama yao, yeye na marehemu. Akaipangusa mara ya pili.

"Nisamehe," akasema. "Saa ngapi anaondoka huyo mwalimu?"

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Akabeba madaftari manne kichwani, mimi karatasi kifuani, na tukakimbia darajani, yeye mbele akipiga kelele, "Pisheni! Pisheni masomo!" na askari nyuma yetu akiwaambia wenzake wa ng'ambo watuachilie.

Mwalimu Ekisa alikuwa amesimama mlangoni, mfuko begani. Alikuwa ameota mvi. Aliona kundi la watu wawili wenye vumbi na oili, na kabla sijasema jina langu alisema, "Hilo koti nalijua." Akarudi ndani, akaketi.

Alisukuma vikombe kando, akatandaza karatasi mezani. Zilikuwa zimechanganyikana kabisa, nyingine zina alama za viatu, moja imetobolewa na kucha ya kuku. Alizisoma upesi upesi, akizipanga mafungu mawili, akinung'unika: hii wataikubali, hii wataikubali, hii ni nusu, hii nzuri sana. Kisha akahesabu. Akarudia.

"Hesabu siioni. Bila Hesabu ya mwaka wa kwanza hawamchukui." Akashika kalamu. "Bila shaka ndiyo iliyoondoka na lori."

Shemeji Wandera alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilimwelewa. Ilitosha niinamishe kichwa. Mwalimu angewaandikia chuo kikuu kwamba Hesabu ipo, karatasi ilipotea mpakani mbele ya mashahidi hamsini. Sijui kama nitaweza kuwaeleza jinsi nilivyotamani kuinamisha kichwa hicho.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Iliyoondoka na lori ni ya Usalama wa Maabara. Hesabu hakufanya. Wiki ya mtihani wa Hesabu tulikuwa tunamzika baba yake. Walimwambia anaweza kuufanya baadaye, na hiyo baadaye haijafika."

Shemeji akaondoa mguu wake. Mwalimu Ekisa akaweka kalamu chini. Nje basi lilipiga honi.

"Unajua mume wako alinifanya nini siku moja?" akasema. "Nilikuwa na majaribio ya wiki tatu. Asubuhi ya mwisho akaniletea vichupa, akaniambia, 'Daktari, hivi kumi nimeviosha vizuri. Hiki kimoja nilichoka, nikakisuuza mara moja tu. Usikitumie.' Hakuna mtu angejua. Hata mimi nisingejua, ningepata tu jibu la uongo na kuzeeka nalo." Akanitazama. "Ningewaandikia kwamba huyu mtoto Hesabu anayo, wangemwingiza, na baada ya muhula mmoja wangeangalia vitabu vyao na kumtoa. Na akitolewa, harudi tena."

Basi likapiga honi mara ya pili. Akageuza karatasi ya Zuolojia, ile yenye alama ya kiatu cha dereva, akaanza kuandika nyuma yake. Mwaka wa tatu: afanye Hesabu ya mwaka wa kwanza, pamoja na Takwimu. Achukue Kemia ya Kaboni. Aache Usimamizi wa Stoo, aliokuwa amepanga kuuchukua kwa sababu ni rahisi. Akachora mistari, somo la diploma upande huu, somo la chuo kikuu upande ule, mstari kati yao, na mahali palipokuwa na pengo akaonyesha jinsi ya kuliziba. Kondakta aliingia mwenyewe: "Daktari, tunakuacha!" Akajibu, "Niacheni," bila kuinua kichwa, na hawakumwacha.

Jumatatu nikasimama kwenye simu ya posta Busia, nikasomea ofisi ya chuo maneno yale, mstari kwa mstari, hata yale nisiyoyaelewa, mpaka Ajiambo alipoitwa akaja kwenye simu. Alisikiliza yote, hata pale nilipoteleza nikasema neno moja halisomeki vizuri kwa sababu ya alama ya kiatu. Kisha akauliza, "Mama, mbona karatasi ina alama ya kiatu?" Nikamwambia laini ya simu ni mbaya, sisikii. (Huo ndio uongo pekee katika habari hii, na niliutubu Jumapili.)

Hesabu ilimtoa jasho. Alipita kwa alama chache sana, lakini alipita. Mwaka uliofuata barua ikaja kutoka Kampala, nikaisoma mara tatu nikiwa nimesimama, nikapatafuta pale inaposema mwaka wa pili, nikapakuta.

Nimejifunza, basi, ingawa kwa bei ya jina langu. Niliapa siku ile na kiapo changu bado kipo: kitu halali nitakibeba mkononi, kionekane, hata mvua ikinyesha, hata Mama Pamela akija na leso kumi. Sitafunga tena kitu chochote kwenye tumbo hili isipokuwa mkanda wa gauni.

Siku ya kumpeleka Ajiambo, tulipitia Malaba. Koti nilikuwa nimeliacha nyumbani, limekunjwa sandukuni. Barua niliitia kwenye mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, nikaiinua juu kama padri anayeinua msalaba. Yule askari mrefu alikuwepo. Alituona tukiwa mbali, akaanza kutabasamu.

"Mama Masomo! Leo tumbo liko wapi?"

"Nimejifungua, afande," nikasema, nikamsogeza Ajiambo mbele. "Ndiye huyu. Anaenda kusomea baiokemia."

Ajiambo alitaka ardhi immeze. Askari alimtazama, akatazama barua, akatazama tena sanduku la binti lenye madaftari manne juu yake, yamefungwa kwa kamba. Kisha akasogea kando, akanyoosha mkono kuelekea darajani.

"Huyu hatumkagui," akasema. "Apite."